Vali ya Tezini

Mashua imeletwa Pasua juu ya Fuso,
imefungwa kamba za katani, tezi ikining'inia nje
kama mguu wa mgonjwa nje ya machela.
Vumbi lote lile kutoka Nyumba ya Mungu,
na bado mkuku una mwani mbichi.
Watoto waliotumwa mashineni na debe la mahindi wameizunguka:
"Fundi Eliakunda, gharika ni lini?"

Nimeikalisha juu ya magogo ya mgrivelia,
nikatandaza boksi la friji, nikalala chali.
Kazi ya chini ya maji haitazamwi umesimama.

Naanza na brashi ya waya. Mwani, kisha konokono,
kisha rangi ya bluu, kisha nyekundu, kisha ile ya kijani
ambayo naikumbuka.
Kila tundu katika ubao wa mashua ni ahadi:
maji yapite hapa, si pengine.
Vali ni tatu. Ya kupoza injini. Ya kumwaga maji ya ngama.
Na ya tezini, ya tangi la samaki hai,
jirani na shafti na glandi yake inayotoa chozi mojamoja
kama itakiwavyo; glandi kavu huungua.

Nagonga kwa nyundo ndogo.
Ya kwanza: ngiii. Nzima.
Ya pili: ngiii, yenye mkwaruzo. Inataka kusagwa tu.
Ya tezini: du.
Kama kugonga mkate.

Mama Nakiete, mwenye chombo, amekalia ndoo ya grisi,
anamenya karanga, anamrehemu fundi asiyemjua:
"Niliinunua kwa watu wa mradi, nikazikuta.
Aliyezifunga alikuwa mtu. Miaka kumi na tisa,
hata tone."

Nakwaruza kwa kisu. Chini ya kutu ya kijani
shaba imekuwa ya waridi, rangi ya ufizi wa mtoto.
Zinki imejiondokea kimyakimya,
kama mchwa waachavyo rangi ya mlango
wakaondoka na mlango.
Naishika kwa koleo, sijazungusha hata robo,
imekatika mkononi, kavu, kama biskuti.
Watu wamevuka ziwa juu ya biskuti,
na nyavu zao, na magunia, na watoto migongoni.

Kwenye nati, alama tatu za patasi.
Alama zangu.
Mwaka ule bronzi ilikuwa bei ya mbuzi wawili.
Nikafungua vali ya shaba ya njano
kwenye mashine mbovu ya kumenya kahawa,
nikaisugua ikang'aa vilevile,
nikaandika risiti ya bronzi.
Chenji nilinunulia bati.
Ndiyo haya yanayotukinga jua sasa.

Pipa la chakavu liko hatua mbili.
Yeye hajui alama za patasi; anajua samaki.

Nimetoka chini, mgongo mweupe kwa vumbi,
nikaweka vipande viwili kiganjani mwake, juu ya maganda.
"Fundi huyo hajafa," nikasema. "Na hii hulipii."
Hakujibu. Alivunja pembe ya shaba kwa kidole gumba,
akaitazama, akavunja tena.
"Na zile mbili?"
"Zile nilinunua kweli."
"Zifungue. Nione."

Nikazifungua.

Siku nne za kukereza. Bushi kuukuu la kiwanda cha sukari
limekuwa vali, zito, lisilo na haraka ya kung'aa.
Pembeni mwa shafti nimefunga kipande cha zinki
kiliwe chenyewe, wenzake wapone.

Ziwa liko mbali, hivyo tunajaribu kinyume.
Mpira umetumbukizwa ndani ya mashua,
maji ya mlimani, baridi, yamepanda hadi kufunika vali.
Yale niliyoyazuia kuingia, leo nayazuia kutoka.
Nimelala tena juu ya boksi, tochi mdomoni.
Mama Nakiete amelala upande wa pili, khanga kichwani,
kwa sababu haniamini, na ana haki.
Saa nzima hakuna anayesema neno.
Tone likianza, litaniangukia mimi;
nimechagua upande huo.