Sabini na Tano

Mama anaiita ile ya punje.
Ni ndogo kuliko kifungo cha shati la kichanga,
na yeye, aliyeshona sare za shule miaka thelathini
hapa Ilala Bungoni, anavijua vifungo.
"Hii hata sisimizi haimtoshi,"
alimwambia Eliaika wa duka la dawa.

Eliaika akaugeuza ubati, akagusa namba kwa ukucha:
75.
"Hii si ya kichwa, mama. Ya kichwa ni mia tatu,
ina kelele. Hii inakaa kimya kwenye damu,
inaziambia chembe: msishikane mikono,
njia ya moyo ibaki wazi."

Moja, baada ya uji.
Si mbili leo kwa kuwa jana ulisahau.
Mama huiweka kwanza ndani ya subana
ili asije akasahau kama ameshasahau.

Halafu Shomari akarudi kutoka melini na kopo:
81.
Mama akashika chaki ya kukatia nguo,
akatoa mezani, akapata sita.
"Hizi sita nizipunguze wapi?"
Tulicheka, ila lilikuwa swali la fundi.
Sita hazina neno, alisema Eliaika kwenye simu;
neno ni kumeza za huku na za kule
siku hiyohiyo.

Masika. Maji yakalala kwenye matairi nyuma ya gereji,
mbu wa mchana wakapata kwao.
Mama akaamka macho yanamuuma kwa ndani,
viungo kama vimepitiwa pasi ya mkaa.
Mama Chiku akavuka uchochoro, roho nzuri, mkono mwepesi:
"Nne ndogo ni moja kubwa.
Mpe nne, homa ishuke."

Hesabu yake ilikuwa sahihi.
Hapo ndipo nilipoogopa.

Nikaufunga ule ubati kwenye pindo la khanga,
tukaenda Amana.
Mswaki wa alfajiri ulikuwa umerudi mwekundu.
"Dengi," alisema daktari. "Amekunywa nini?"
"Moja. Ile ya punje. Jana."
Akaandika, akapigia mstari.
"Tunaisimamisha kwanza.
Sasa hivi tunataka chembe zake zishikane mikono."

"Na moyo wangu?" Mama akainuka kwa kiwiko.
"Mlinzi mnamwachisha kazi usiku?"
"Mlinzi yupo likizo. Tarehe ya kurudi naitoa mimi,
si wewe, si jirani."

Siku kumi na mbili subana ilikaa tupu kando ya uji.
Mama aliichungulia kila asubuhi,
akaifunika kwa kiganja
kama mtu anayeficha deni.

Jana damu ikapimwa tena. Karatasi ikasomwa mara mbili.

Leo kuna kitu ndani ya subana.
Uji umeshuka hadi nusu kikombe.
Mama anaimimina kiganjani, anaihesabu:
moja.
Anaihesabu tena.