Mengineyo

Ajenda ya tatu ilikuwa barabara.
Mita kumi na moja, alisema Mhandisi Azzan
akikunjua ramani kando ya sahani ya halua,
na kidole chake kikapita katikati ya nyumba ya Bin Shaikhan
bila hata kubisha hodi.

Mimi ni katibu. Wanayosema nayaandika kwa Kiarabu;
kura nazihesabu kimoyomoyo kwa Kiswahili,
maana ndivyo bibi alivyonifunza hapahapa Ibra,
kwa kokwa za tende, uani, tukingoja wali ukauke.
Ukimuuliza bibi kwao wapi, alikuongeza chai.

Mundhir wa Mambo ya Kale akasimama.
Mlango umechongwa Unguja, akasema,
boriti ni mikandaa ya Rufiji,
karafuu ndiyo iliyolipia kila tofali.
Alisema turathi mara tisa. Nimeziandika zote.

"Turathi haimbebi mgonjwa," akajibu Zahran.
"Mke wangu alijifungulia garini,
nyuma ya lori la maji na lori la samadi,
kila dereva akimngoja mwenzake arudi nyuma."
Kimya. Kiyoyozi peke yake kikakohoa.

Warithi ni thelathini na wawili.
Mmoja yuko Tabora; alipopigiwa simu aliuliza
kama nyumba ina maji.
Bi Rayya, aliyezaliwa humo, alikuja mwenyewe,
fimbo mkononi, akakaa karibu na mlango:
"Bomoeni. Ukuta ule nimeufagia miaka hamsini,
kila asubuhi umeshuka kidogo sakafuni.
Nyie mnaoupenda, mmewahi kuupepeta kwenye mchele?"

Tukaenda kuiona.
Sebuleni walipiga picha za dari, wakashusha sauti.
Jikoni, huko nyuma, kulikuwa na masizi na popo.
Mundhir akamulika tochi: herufi za Kiarabu, za mkaa,
mistari minne, imepinda kama ya mtu
aliyejifunza kwa kuchungulia dirisha la chuo.
Akajaribu kusoma, ulimi ukajikwaa.
"Haina maana. Labda mtoto alikuwa akicheza. Andika:
maandishi yasiyosomeka."

Nikasoma.
Hakikuwa Kiarabu.

*Mchele umebaki pishi mbili.
Mwanangu Mauridi nimemzika Jumanne, ng'ambo ya falaji.
Hapa naitwa Faida. Kwetu ni Chausiku.
Ajuaye kusoma, aniite.*

Wakapatana. Mlango ubaki, na sebule, na uso wa nyumba;
nyuma pakatwe, nyuma hapana thamani.
Mita sita zinatosha gari la wagonjwa.
Zahran na Mundhir wakashikana mikono, wakacheka,
na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi nao,
finjani ya pili ya kahawa ikanishuka vizuri.
Kuna aliyetaka kusema neno? Mwenyekiti alizungusha macho.
Katibu hana kura.
Nilijiambia hivyo. Hakuna aliyenikataza kunyanyua mkono.

Ajenda ya saba, mengineyo.
Hapakuwa na mengineyo.
Usiku, nikinakili, niliijaza nafasi ile
kwa mistari minne, herufi kwa herufi,
pamoja na pale alipokosea akafuta kwa kidole.
Asubuhi mwenyekiti akapitisha jicho,
akaona herufi anazozijua tangu utotoni,
akatia sahihi. Muhuri wa manispaa
ukaangukia juu ya mchele.

Tingatinga lilikuja Jumatatu, saa moja na nusu.
Nilisimama ng'ambo ya falaji,
viatu mkononi, sijui ni wapi hasa pasipokanyagwa,
nikaita. Mara ya kwanza sauti haikutoka.
Chausiku!

Dereva alidhani namwambia asimame.
Akazima injini.