Darasa la Jumanne, Hull

Novemba. Giza limeingia tangu saa kumi.
Navipita vibanda vya simu vya rangi ya maziwa
ambavyo hakuna anayempigia mtu humo tena,
begi begani, hadithi kumi na moja za watu wengine.

Chumba B14: kipasha joto kinagonga
kama mtu aliyefungiwa ukutani.
Hapa ndipo riwaya yangu iliponifikisha:
mkataba wa saa sita kwa wiki,
likizo bila mshahara,
na kadi ya mlango iliyokosea jina,
Mwenyi badala ya Mwinyi.
Sikusahihisha. Mwaka wa saba huu, naitika.

Riwaya ilikuwa moja. Kurasa mia mbili na kumi na mbili.
Gazeti la Leeds liliisifu kwa mistari minne,
na mstari wa nne ulikuwa bei.
Ya pili ipo. Usiniulize.
Ipo chini ya bili za gesi, imekaa kama mgeni
aliyekwisha kuaga na bado hajanyanyuka.

"Onyesha, usiseme," nawaambia,
kwa sauti ya mtu anayelipwa kusema.

Wanaandika. Gethin na mazimwi yake tena.
Oluchi hufuta kuliko anavyoandika, nampendea hilo.
Na Doreen Thackray, miaka sabini na mmoja,
aliyeshona mapazia ya karavani kiwandani
tangu alipoacha shule hadi kiwanda kilipomwacha,
anauliza, miwani imeshuka puani:
kwenu, kazi hii mnaiitaje?

Kutunga, namwambia.
Shanga hutungwa. Uzi hutungwa katika tundu la sindano.
Mimba hutunga. Na jipu nalo,
ukiliacha lilale, hutunga usaha.
Darasa likacheka kwa sababu ya jipu.
Doreen hakucheka. Aliliandika neno daftarini
kwa tahajia yake mwenyewe, akalipigia mstari.

Hiyo ilikuwa mwaka juzi.
Machi mwaka huu niliikuta riwaya yangu
katika duka la hisani, Holderness Road,
kati ya kitabu cha supu na ramani ya Wales.
Peni hamsini. Nikafungua, nikauona mwandiko wangu:
"Kwa Doreen. Usiache."

Sikuinunua. Niliisimamisha wima,
jalada likitazama mlangoni,
nikatoka kama mwizi aliyekosea kazi,
akaacha kitu badala ya kuchukua.
Sikumwambia. Naye hajaniambia.

Leo amesoma. Kurasa mbili tu, sauti kavu.
Mwanamke anapima pazia la dirisha
la karavani ambayo hatalala ndani yake.
Akafika hapa:
Nilishona bahari za watu nisiowajua,
upana inchi thelathini na sita.

Kipasha joto kiliacha kugonga,
au sisi ndio tulioacha kukisikia.
Nilitafuta kosa. Haki ya Mungu nililitafuta,
kalamu nyekundu mkononi,
kijicho kikitunga ndani yangu kama jipu lile.
Nikapata mkato mmoja. Nikaufuta.
Nikaurudisha.
Pambizoni nikaandika "Nzuri," nikaona haya.

Sasa niko kituoni, manyunyu, harufu ya chipsi,
basi la saa mbili na nusu limenipita
mlango wazi, dereva akinitazama,
nami nahesabu vidole kama mtoto wa shule ya Pangani.
Ni-li-sho-na-ba-ha-ri. Saba.
Imepungua mizani moja.
Nikaongeza hapa, nikabana pale:

Nilizishona bahari, za watu nisowajua.

Nane kwa nane. Umekaa.
Mstari wa kwanza kunitoka tangu Machi,
na si wangu.