Mguu wa Kushoto

Nilimchora Jumanne, akatoka Alhamisi, ukurasa wa nne:
mzee kwenye benchi, mguu mmoja wa mti,
kofia ya chuma mapajani,
buibui ametaga ndani yake.
Juu ya mlango niliandika: UHAKIKI UNAENDELEA.
Mhariri alicheka hadi akakohoa.
Ijumaa nikalipwa elfu arobaini,
nikanunua wino, na kilo mbili za zabibu pale Majengo.

Jumatatu akaja mwenyewe.
Mimi nilikuwa nimechora mtu wa kubuni;
yeye akaja na mtu huyo kamkunja mara nne
ndani ya mfuko wa shati.
"Naitwa Lechipya Mbijima, wa Mvumi.
Umekosea mguu."

Akapandisha suruali polepole, kama anayefungua barua:
mninga, uliochongwa na shemeji yake,
umevaa soksi.
"Ni huu wa kushoto. Wa kulia ninao,
ndio ulionileta hapa kutoka stendi."

Nikamwomba radhi. Nikampa kiti, nikampa zabibu.
Akala mojamoja, mbegu akazitemea kiganjani,
akazihesabu kama mtu aliyezoea kugawiwa.
Akanisimulia Mtumba: majengo ya vioo,
unajiona unavyokuja kabla hujafika.
Binti wa mapokezi ana adabu, anamwita babu,
anamwambia faili limepanda ghorofani.
"Faili linapanda ngazi," akasema. "Mimi siwezi."

Kisha: "Eti kifuta jasho.
Jasho gani, kijana? Lile la sabini na tisa?
Lilishakauka. Waje na kisu, wakwangue chumvi."

Mkono wangu ulikuwa umeshashika kalamu.
Akauangalia.
"Na hiyo nayo watakulipa?"

Upepo ukaingia bila hodi na vumbi lake jekundu,
likakaa juu ya karatasi, juu ya zabibu,
juu ya jibu nililokuwa nalitafuta.

Mwaka huu nimelichora tena benchi lile.
Kofia ipo. Buibui yupo, na wajukuu zake.
Sakafuni nimeweka alama za duara, ndogondogo,
za mti uliokuwa ukigonga,
upande wa kushoto.
Mhariri anauliza mzee yuko wapi,
anasema wasomaji hawataelewa,
niweke basi maneno juu ya mlango.

Nimeyaacha yaleyale.