Inchi Thelathini na Nane

Kila nikikata kona ya kushoto, krrr:
tairi jipya linaliuma bamba la gari la baba.
Nje ya Egilsstaðir, theluji mpaka magotini,
Hallbjörn kalala uvunguni, miguu tu nje,
anauliza humo humo:
"Steinvör, nani alikudanganya kuwa yataenea?"

Hakuna mtu. Nilijidanganya.

Tulitia spesa, mkwaruzo ukahamia mbele.
Tukainua springi vidole viwili:
kwenye lami kimya, kwenye mashimo, krrr.
"Basi," akasema, akijifuta grisi kwenye suruali,
"ama upunguze tairi, ama upunguze gari.
Mgeni kaja, mwenyeji na akatwe."

Nikachora kwa chaki.
Mstari ukapita katikati ya kiraka cha buluu
alichopaka baba kwa brashi ya madirisha
mwaka alipogonga lango la Ragnheiður
akaapa ni kondoo.

Grenda ikalia. Cheche zikarukia thelujini, zikazimika.
Kipande kikaanguka,
chepesi kuliko nilivyodhani.

Nikazungusha usukani wote kushoto. Kimya.
Wote kulia. Kimya.
Nikarudi kushoto tena, polepole,
masikio yakiitafuta ile krrr.