Jiwe la Sikio

Mwavita haniuzii kichwa. Ananikodisha.
"Toa hicho kijiwe chako, kichwa kirudi kabla ya saa tano.
Wateja wa supu hawangoji sayansi."
Basi kila Jumanne, mwaloni Kibirizi,
napiga magoti juu ya changarawe na magamba,
kisu kinapita nyuma ya jicho la sangala
polepole, kama mtu anayefungua mlango
wa chumba alimolala mtoto.

Chini ya ubongo usiojaza kijiko
vimelala viwili, vyeupe,
mfano wa mbegu za tikiti zilizosahauliwa juani.
Navisuuza, navifunga kwenye karatasi,
naandika: arobaini na moja, jike, wavu wa Bukuru.

Mfupa hukopa na kulipa. Njaa ikibisha,
mwili huuchokonoa mfupa ukapata chakula.
Jiwe la sikio halirudishi kitu.
Kila siku linajifunika utando mmoja,
na katika utando huo maji ya siku hiyo
yanaacha alama: bariamu kidogo, strontiamu kidogo,
kama harufu ya moshi kwenye kanga
inavyosema ulipika wapi.

Ninalikata, ninalisugua kwa msasa laini
mpaka taa ipenye.
Pete ya masika, pete ya kiangazi.
Hapa alikula akashiba. Hapa sijui alipatwa na nini,
pete zimebanana kama watu kwenye foleni ya maji.

Mashine ya kusoma yaliyobaki haipo Kigoma.
Vijiwe hupanda ndege. Mimi bado.

"Ukikiuliza," Mwavita aliwahi kuniambia
huku akipunga nzi kwa kipande cha boksi,
"kiulize kama kimepita Baraka.
Mimi nilitoka kule na mimba ya Faila.
Tuliondoka usiku. Sufuria niliiacha motoni."
Halafu akageuka kugombana na mtu juu ya chenji.

Miezi minne. Majibu yakaja: mistari tu,
inapanda, inashuka, haina hata jicho la samaki.
Niliyachapisha kwa karatasi ya ofisi, nikampelekea.
Nikamwonyesha kwa ncha ya kalamu:
huyu, arobaini na moja,
utoto wake ulikuwa mdomoni mwa Malagarasi,
kwenye tope na matete,
kwenye maji yaliyopita Uvinza yakalamba chumvi.
Miaka miwili. Kisha, tazama, mstari unaanguka:
ametoka, ameingia maji marefu,
ziwa lenyewe, kina kisicho na habari.
Miaka sita hivyo. Tambarare.
Baraka? Mama, ziwa limechanganya maji yake.
Sikuweza kumwona Baraka. Wala sikuweza kusema hakufika.

"Na hapa?" Kidole chake, chenye kovu la ndoano,
kilikuwa kimesimama ukingoni mwa karatasi
pale mstari unapoinuka tena, kidogo,
kabla haujakatika.

Hapa, nikasema, tope limerudi.
Ni pete za mwisho. Kama mwezi mmoja.
Alikuwa ameanza kurudi mtoni
Bukuru alipotega.

Mwavita alinyamaza.
Boti iliwasha injini, ikazima, ikawasha.
Akafuta kisu upande mmoja, akafuta wa pili.
"Kumbe ile supu niliuza
ilikuwa inaenda kwao."

Nikakunja karatasi. Sikupata la kuongeza,
na elimu yangu ya miaka mitano haikunisaidia.

"Sisi tunayo mawe hayo? Watu?"
Tunayo, nikamjibu, ila ni vumbi,
chengachenga za kutuzuia tusianguke.
Haziweki kumbukumbu.

Akafikiri. Akavuta beseni.
"Afadhali," akasema,
akanirushia kichwa kingine, kizito, bado kina baridi ya ziwa.
"Saa tano, usisahau."