Makasha ya Mheshimiwa Treharne

Tulianza Jumatatu, mvua ya Pontgarw ikigonga kioo
kwa ukaidi wa mtu anayedai chenji yake.
Miaka thelathini na saba ya ubunge
ililala ndani ya makasha ya ndizi
tuliyopewa na duka la chini,
na kila karatasi imeanza kunuka ndizi.

Kwetu Dodoma, wanaoafiki husema ndiyo,
sauti zikapaa, Spika akasikia alichosikia.
Huku Wales wabunge tunawapeleka London
wakapige kura kwa miguu.
Upo ujia wa ndiyo, upo ujia wa siyo.
Kengele inalia, dakika nane, mlango unafungwa,
na mtu anatembea na jina lake
hadi kwa karani wa kulitia alama.
Kwa hiyo mimi, Sikudhani, karani wake miaka kumi na minne,
naweza kukwambia miguu ya Emlyn Treharne ilikoelekea
mara elfu nane mia sita na kumi na moja.

Mara nyingi ilikwenda walikokwenda wenzake.
Simwiti bendera.
Hata bendera huchanika
kwa kubishana na upepo.

Kasha la tatu: mapafu ya wachimba makaa.
Miaka sita akidai fidia yao, swali juu ya swali,
mpaka mawaziri wakiona koti lake la kahawia
wanakumbuka wana miadi kwingine.
Kasha la tisa: vita. Alikwenda ujia wa siyo,
wao kumi na wanane tu, uwaziri ukampita,
akarudi na treni ya mwisho
akala chipsi zilizopoa, hapa, kwenye ngazi za ofisi.

Kasha la kumi na tano sikulipenda.
Posho ya walemavu. Ijumaa, ukumbini Ebeneza,
alimshika Gethin Beddoe bega, akaapa.
Jumatano miguu ikaapua kiapo.
Mama yake Gethin aliandika mistari miwili:
*Nilikupigia kura tangu una nywele.
Sasa nitakaa nyumbani.*
Alijibu kurasa nne. Nilizichapa mimi.
Hakuna sentensi iliyokuwa ya uongo,
na hakuna iliyomjibu.

Halafu kasha la ishirini na mbili.
Tarehe tatu Machi: alipitisha sheria
iliyopandisha bei ya kumwona mzazi wako.
Tarehe tisa Machi, mwezi uleule,
wino wa kijani, mkono wake mwenyewe:
*Mheshimiwa Waziri, nakusihi,
mama wa karani wangu ni mzee,
yuko Korogwe, na viza amenyimwa mara mbili.*

Mama alikuja. Wiki kumi na moja.
Aliona theluji akauliza nani kaacha friji wazi.
Akamletea mbunge kanga, naye akaitundika
juu ya mashine ya kopi, bila kujua imeandikwaje.
Siku moja akaniuliza.
Wema hauozi, nikamwambia.
Alinyamaza muda wa kuchemka birika.
“Na mengine?” akasema.
Nikaenda kutafuta maziwa.

Maktaba ya wilaya inataka barua za shukrani,
picha na Mfalme, jembe la kuzindulia daraja.
Wamesema mengine tutumie busara.
Nimetumia. Ile kura ya tatu na ile barua ya tisa
nimezitia bahasha moja,
nje nikaandika jina lake, basi.

Ijumaa alikuja na koti lilelile.
Akakataa kusaidiwa, akabeba kasha moja moja,
goti likilia kila ngazi.
La mwisho lilikuwa la ishirini na mbili.
Sijui kama alilitambua.
Alisimama mlangoni, mvua usoni, mikono imejaa,
akaangalia barabara huku na huku,
akaniuliza:
“Siku, gari tumeliacha kushoto
au kulia?”